Kwa nini nchi mbili zinaitwa Kongo?

SWALI: Ndugu Mhariri, tarehe 15 Agosti shemeji yangu anayeishi Mombasa alinitumia kwenye simu bendera ya kijani, njano na nyekundu, akinitakia heri ya uhuru. Nilimjibu kwamba sisi tulipata uhuru tarehe 30 Juni na kwamba bendera yetu ni ya samawati. Je, kwa nini nchi mbili jirani zitumie jina moja, na jina lenyewe lina maana gani?
Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, wewe unayelala Kenya kila siku bila kuvuka mpaka, msamehe shemeji yako: bendera na tarehe yake ni za jirani zetu wa Jamhuri ya Kongo (Brazzaville), si zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina la Kongo ni la kabila la Wakongo na ufalme wao, ambao mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo umo ndani ya Angola, wala si katika mojawapo ya nchi hizo mbili. Baharia Mreno Diogo Cão alipofika kwenye mlango wa mto mwaka 1482, ufalme huo ulikuwa na nguvu, na baadaye Wazungu wakauita mto wenyewe kwa jina lake. Wafaransa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji walipojitwalia ng'ambo zake mbili katika karne ya 19, kila mmoja aliliita koloni lake kwa jina la mto. Mwaka 1960 zote mbili zikawa Jamhuri ya Kongo, hata ikabidi watu waongeze jina la mji mkuu, Léopoldville (leo Kinshasa) au Brazzaville, ili waelewane. Hivyo ndivyo sisi wa Katanga, ambao Kikongo si lugha yetu, tulivyoitwa Wakongomani.

Kuhusu maana, wapo wanaolihusisha jina hilo na neno la Kikongo la mwindaji, na wapo wanaolihusisha na kukusanyika. Kwa maoni yangu, hakuna upande uliokwisha kuthibitisha hoja yake.

Wazee wetu watakumbuka pia Zaire, jina ambalo Rais Mobutu aliipa fedha mwaka 1967, kisha nchi na mto mwaka 1971 kwa ajili ya kurudi kwenye uasili, ingawa lilikuwa neno la Kikongo nzadi, yaani mto, kama Wareno walivyolitamka. Mwaka 1997 tulirudia Kongo. Huko Angola, hata hivyo, lipo hadi leo jimbo liitwalo Zaire, na makao yake makuu ni Mbanza Kongo.