Pakiti ya jirani irudishe leo

"Shangazi, nina miaka 58, ni fundi cherehani hapa Busia. Mwaka juzi nilikatwa titi la kushoto kwa saratani, nikamaliza sindano za kemo, kisha nikaanzishiwa letrozoli, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5. Huu ni mwezi wa 14. Nikiamka vidole havikunjiki, magoti yanawaka. Vile vifungo viwili vya begani kwenye gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, namwachia msichana ninayemfundisha. Muuguzi aliniambia nivumilie, bora uhai. Basi wiki ya 3 sasa nimeacha dawa kimyakimya. Jirani yangu wa miaka 39, naye wa titi, anameza tamoksifeni na lile joto la ghafla halimpi usingizi. Kasema tubadilishane. Pakiti yake ninayo. Nyumbani siwezi kusema, ndugu waliuza ng'ombe ili nipone. Mwili wenyewe una mengi: presha, na ule mguu ulioganda damu nilipomzaa kitinda mimba. — Mama Cherehani"

Dada yangu, hiyo pakiti mrudishie leo, na yako uichukue. Kama umeshameza hata kidonge kimoja, au yeye kameza chako, daktari aambiwe.

Nyote wawili mmepewa vidonge kwa sababu saratani yenu ni ya aina inayolishwa na homoni ya estrojeni. Lakini miili yenu si sawa. Wewe umeshakoma hedhi. Estrojeni kidogo uliyobaki nayo hutengenezwa zaidi kwenye mafuta ya mwili, na hapo ndipo letrozoli inapozuia. Jirani yako, ikiwa bado anaona siku zake, estrojeni yake inatoka kwenye ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, na letrozoli peke yake haiwezi kuzizima. Tena dawa hiyohiyo madaktari huwapa wanawake wanaotafuta mtoto, ili ovari zao ziamke. Umeona mngefika wapi?

Na wewe sasa. Tamoksifeni ni dawa nzuri, imeokoa wengi. Inaiacha estrojeni ilivyo, ila inakalia mlango wa seli ili homoni isiingie. Lakini inaongeza hatari ya damu kuganda, na wewe mguu wako umeshawahi kuganda! Kwa aliyekoma hedhi huweza pia, mara chache, kuleta saratani ya mji wa mimba. Ndiyo maana anayeitumia akiona damu baada ya hedhi kukoma hukimbilia hospitali. Ule mguu, dada, usiuache nje ya mazungumzo yoyote na daktari.

Maumivu yako nayaamini. Vidole kukakamaa asubuhi ni mojawapo ya madhara ya letrozoli yanayojulikana sana, na kuambiwa "vumilia" tu bila kupimwa hukutendewa haki. Ziko anastrozoli na eksemesteni, za ukoo uleule, na wako wanawake walioshindwa na moja wakaiweza nyingine. Wakati mwingine daktari mwenyewe humsimamisha mgonjwa dawa kwa wiki chache aone kama viungo vitalegea, kisha humwanzishia nyingine. Wewe umejisimamisha bila yeye kujua, lakini hizo wiki 3 bado zina faida ukisema ukweli: vidole vimelegea au viko vilevile? Andika kwenye daftari lako la vipimo vya nguo: maumivu yalianza lini, asubuhi yanachukua muda gani kuachia, ni dawa gani nyingine unazomeza. Kama kuna mfupa mmoja unaouma mfululizo, hasa mgongo, na usiku hauachi, hilo litaje la kwanza, maana linahitaji kuchunguzwa peke yake.

Uliza pia habari ya mifupa, kwa kuwa dawa za ukoo huu huipunguzia nguvu. Mukene, wale dagaa, unaoliwa na miba yake unasaidia. Kutembea kila siku kunasaidia, hata vile viungo vyenyewe, ingawa siku za mwanzo utaona kama nakutania. Dawa za maumivu za dukani usizimeze mfululizo ukiwa na presha.

Halafu hilo la ng'ombe. Limeniuma kuliko yote. Ndugu zako waliuza ili uishi, na dawa iliyofichwa chini ya godoro haikulindi. Mwite bintiye dada yako, au yeyote unayemwamini, umwambie maneno haya mawili tu: nimeacha dawa. Aende nawe, awe shahidi wako mbele ya daktari, maana peke yako utasema "niko sawa" kama kawaida yetu.

Tarehe ya kliniki usiisubiri. Wakikujibu tena "vumilia", omba barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, Kampala. Ipo tangu 1967, na wagonjwa wa saratani kama wewe ndio kazi yake. Beba pakiti ya letrozoli na majibu ya kipimo cha kile kinyama kilichotolewa kwenye titi. Gomesi zilizobaki vifungo mwachie msichana wako wiki hii, wewe panda basi.