"Honourably" kwenye cheti cha babu yako

Mdogo wangu, umeuliza kama "honourably" kwenye cheti cha kuachishwa utumishi cha marehemu babu yako, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), ni "kwa taadhima". Hapana. Taadhima ni adabu ya mbele za watu. "Honourably" inasema alitumikia kwa uadilifu, akatoka bila doa. Shina lake ni la Kilatini, honor, likaingia Kiingereza kupitia Kifaransa. Ile -ly ya mwisho inafanya kazi kama "kwa" yetu. Andika "aliachishwa utumishi kwa heshima". Mimi niliwahi kuandika taadhima, barua ikarudi imezungushiwa wino mwekundu, tena siku ya mwisho ya maombi. Iliniuma sana. Kama karatasi inakwenda mahakamani, usitafsiri mwenyewe: wapelekee BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), wapo hapa hapa Dar.