Pampu si feki, mpira ndio mbovu

SWALI: Nina Subaru Forester ya turbo ya mwaka 2003, injini EJ20. Pampu ya mafuta ilikufa, nikanunua nyingine ya lita 255 kwa saa, si ya kampuni iliyotengeneza gari. Fundi aliifunga ndani ya tangi, lakini mpira uliokuja nayo aliukata ukawa mfupi, akachukua mwingine duka la spea, kipenyo kilekile cha milimita 8, umeandikwa kabisa kuwa ni wa mafuta. Baada ya wiki tatu gari linachelewa kuwaka asubuhi, na mlimani turbo ikishaingia linakata nguvu. Halinuki petroli wala halidondoshi chini. Fundi anasema nimeuziwa pampu feki. Ninunue nyingine? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usinunue kwanza, ndugu yangu. Pampu feki zipo sokoni, tena nyingi, lakini dalili zako zote zinaelekea kwenye kile kipande cha mpira cha sentimita chache kinachounganisha mdomo wa pampu na kifuniko chake. Kikipasuka au kikilegea, pampu inasukuma mafuta na sehemu yake inarudi humohumo tangini. Huwezi kunusa wala kuona tone.

Thibitisha kwa geji ya presha baada ya filta. Washa gari, liache sailensi bila kukanyaga mafuta, chomoa kimpira cha vakiumu kwenye reguleta (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta) na uzibe ncha yake: hapo injini yako inataka bar 3 hivi, yaani psi 43 au 44. Turbo ikianza kupuliza, reguleta inaongeza presha ya mafuta kwa kiasi hichohicho. Ikipuliza bar 0.8, mafuta yanatakiwa bar 3.8. Mpira uliopasuka kidogo unaweza kufikisha bar 3 ukakudanganya, halafu ukashindwa mlimani. Zima gari uangalie mshale. Ukianguka hadi sifuri ndani ya sekunde chache, ndiyo sababu ya kuchelewa kuwaka asubuhi. Anguko hilo peke yake haliwezi kukuambia kama ni mpira, valvu ya pampu au reguleta, kwa hiyo lazima tangi lifunguliwe na mpira uangaliwe kwa macho.

Nina hakika fundi wako alifanya kile ambacho wengi wanafanya: alipima kipenyo, akasoma neno la mafuta, akaridhika. Mpira wa mafuta hauchaguliwi kwa unene. Unachaguliwa kwa namba iliyochapwa ubavuni mwake. SAE ni chama cha wahandisi wa magari kinachoweka viwango hivyo. SAE 30R7 ni wa magari ya kabureta na njia za presha ndogo, unastahimili psi 50, sawa na bar 3.4. Gari lako likiwa mlimani limeshaupita. SAE 30R9 unastahimili psi 100 na unafaa kwenye magari ya nozeli, yaani yanayopuliziwa petroli kwa presha, lakini nje ya tangi tu. Wa kuzama ndani ya petroli ni SAE 30R10. Hakuna mwingine wa jamii hii wa kuweka humo.

Hapa ndipo mafundi wanapobisha: "R9 si inapitisha petroli kila siku, itaharibikaje ikizama?" Inapitisha kwa ndani. Tabaka la ndani limetengenezwa kustahimili petroli. Ganda la nje limetengenezwa kustahimili joto, vumbi na oili ya kurukiarukia. Ukiuzamisha, ganda linavimba na kuwa laini kama sandali iliyolowa. Ile ncha iliyokatwa nayo ina nyuzi katikati ya matabaka, na nyuzi hizo zinanyonya petroli kama utambi wa koroboi hadi tabaka la ndani linabanduka. Likibanduka linaweza kujikunja na kuziba njia, au mpira mzima ukateleza kwenye mdomo wa pampu. Wiki tatu zinaweza kutosha.

Klempu za kawaida, zile za kukaza kwa bisibisi zenye matundu kwenye mkanda, zinamalizia kazi. Mpira uliolainika unapenya kwenye matundu hayo na kukatika kidogo kidogo. Tumia klempu za nozeli: mkanda hauna matundu, kingo zake zimekunjwa kwa nje, unakazwa kwa boliti na nati. Mpira uingie milimita 25 kama mdomo unaruhusu, klempu ikae nyuma ya tuta (ukingo ulioinuka kuzunguka mdomo) la mdomo wa pampu, si juu yake, na ibaki milimita 3 hivi kutoka ncha ya mpira. Kaza hadi mpira uanze kuinuka kidogo pembeni mwa mkanda, halafu acha. Kukaza zaidi ni kuukata.

Mkishafungua, ule mpira wa zamani usitupwe kabla ya kuupasua kwa urefu na kuutazama. Ukikuta vipande vimenyofoka, vinatafutwa kwenye chujio la pampu na filta inabadilishwa, la sivyo vitaishia kwenye nozeli. Pima pia umeme kwenye soketi ya pampu injini ikiunguruma. Ukipungua zaidi ya volti moja kuliko ule wa betri, huenda waya na rilei (swichi ya umeme ya pampu) zinaiangusha pampu yako mpya, maana inakula ampea nyingi kuliko ile iliyokuja na gari.

R10 ni ghali na huuzwa kwa vipande vifupi. Ndiyo sababu haipatikani kila duka, na ndiyo sababu mtu anakushawishi kwamba "huu nao ni uleule." Si uleule. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha maandishi ubavuni, usinunue kwake.

Nawasihi wasomaji wengine pia, kwa sababu bahati ya msomaji wa Morogoro ni kwamba uvujaji wake umebaki ndani ya tangi. Kazi hiyohiyo ikifanywa kwenye boneti, petroli ya bar 3 inatoka kama ukungu juu ya ekzosti ya moto. Mpira wa jiko la gesi si mpira wa petroli. Mpira mweupe wa maji unakakamaa na kupasuka. Silikoni ya gasketi inavimba kwenye petroli, inamomonyoka na kwenda kwenye chujio. Sabuni ya kipande inayopakwa kwenye tangi linalovuja inaziba kweli, kwa kuwa haiyeyuki kwenye petroli. Inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo siku ya mvua ya kwanza tundu liko wazi.

Fitingi nazo zinauawa kwa tepu nyeupe. Fitingi ya AN, aina ya kiungio cha bomba cha kukaza kwa nati, inaziba kwa uso wa chuma uliochongwa kwa pembe ya digrii 37; nyuzi za skrubu kazi yake ni kuvuta tu. Ikivuja, uso umekwaruzwa, au umeunganishwa na fitingi ya digrii 45 inayofanana nayo, na tepu haitatibu hilo. Itachanika, itasafiri, itaziba nozeli. Bomba la chuma lililokatwa kwa msumeno lisirudishiwe mpira hivihivi: ncha inasafishwa chuma chote cha msumeno, inatengenezewa tuta, ndipo mpira unaingia. Bomba laini halishiki mpira kwenye presha hii, hata ukiweka klempu tatu.

Kabla ya kufungua, toa fyuzi ya pampu, washa gari uliache lizime lenyewe, chomoa nguzo hasi ya betri. Baada ya kufunga, rudisha vyote, washa swichi mara tatu bila kupiga stata, kila mara subiri pampu inyamaze, kisha pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo cha nje. Rudia injini ikishapata moto, na tena baada ya siku chache. Na pampu isijaribiwe kwa kuigusisha waya za betri juu ya ndoo ya petroli. Hilo linafanyika gereji nyingi, cheche moja inatosha, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwa anayechomelea upande wa pili. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu wa pili aliyesimama kando, si ndani ya buti mnalolifungua.