Lamborghini moja inakula Corolla moja na nusu

Jumapili iliyopita niliteremka na Lamborghini yangu ya kuigiza, niliyoiunda kwa Corolla, kutoka Mwanga hadi stesheni, nikageuza, nikapanda mpaka nyumbani bila gari kuchemsha. Wenye magari ya hapa Kigoma wanaujua mlima ule. Jioni yake nikapata ujumbe wa kijana wa Kasulu: "Shikamoo kaka. Nina Corolla 110, mzee ameniachia. Nataka niifanye Lambo. Nianze na ile milango ya kupanda juu?"

Marahaba mdogo wangu. Usianze na milango. Mimi nilianza na milango.

Corolla yangu bodi lilikuwa limekwisha, kutu mpaka ukikaa unaiona lami inavyopita chini ya miguu. Injini yake, ile ya Toyota inayoitwa 5A, ilikuwa nzima. Usiku mmoja nikawa nasoma vipimo vya Lamborghini Countach, ile LP400 iliyoanza kuuzwa mwaka 1974: kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, katikati kwa katikati, ni milimita 2,450. Corolla 110 ni milimita 2,465. Tofauti ya upana wa kidole! Sikulala. Niliona kabisa nimeitwa.

Aliyeitwa hakusoma mstari wa pili. Countach ina upana wa milimita 1,890, Corolla 1,690. Hizo sentimita ishirini ndizo zinazofanya magari mengi ya kuigiza yaonekane kichekesho, matairi yameingia ndani ya bodi kama miguu ya mtoto kwenye viatu vya baba yake. Pima upana kwanza. Pima kila kitu kwanza, nitarudia tena na tena.

Basi nikatengeneza milango. Marcello Gandini, aliyeichora Countach, hakuiweka milango ile kwa ajili ya mapambo tu. Gari lilikuwa pana na nyuma huoni kitu, kwa hiyo dereva akirudi nyuma aliweza kuinua mlango na kuchungulia nje. Mimi nilitaka picha. Nikafunga shokapu za mlango wa nyuma wa Noah, nikapiga picha, nikasifiwa sana mtandaoni. Wiki iliyofuata bawaba iling'oka na faiba yake (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, ndizo nilizoundia bodi), mlango ukaniangukia mkononi. Kovu ninalo. Baada ya hapo milango ilikaa mwaka mzima imeegemea ukuta wa jiko, mama anaanikia nguo.

Sasa kazi yenyewe. Corolla inavutwa na magurudumu ya mbele, injini na giaboksi vimekaa pamoja kwa upande. Kazi ni kuvitoa vyote kama vilivyo na kuvipeleka nyuma ya viti. Si uchawi. Toyota wenyewe walifanya hivyo kwenye MR2 ya mwaka 1984, kwa injini ya ukoo huohuo wa A. Ila usiigeuze. Jirani yangu mmoja mjuaji alishinikiza tuizungushe injini itazame nyuma "ili ikae vizuri". Ningekuwa na gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma. Na zile tairodi za usukani usizitupe, zifunge kwenye kiunzi zisicheze, la sivyo magurudumu ya nyuma yatakuwa yanakata kona yanavyotaka.

Nikachomelea kiunzi cha mabomba ya pembe nne, injini ikakaa, shafti zikaingia. Nikaita watu. Nikazunguka kwenda kulitazama gari kwa mbele, moyo ukanidondoka. Mbele hakuna kitu. Miguu ya mbele yote, shokapu, hab, diski, nimeihamishia nyuma pamoja na injini! Gari litakata kona kwa kitu gani? Ile miguu ya nyuma ya Corolla haikuumbwa kugeuka.

Ndipo nikajua kwamba mtu anayetaka kufanya mambo haya anahitaji Corolla moja na nusu. Ilibidi nitafute nyingine iliyogongwa nyuma, nikate pua yake. Pesa hiyo nilikuwa nimeitenga kwa rezini. Nyingine ya rezini nilikuwa nimempa rafiki anayekwenda Dar, na mpaka leo nikimpigia simu inaita tu. Sitaki kulisema sana hilo. Lakini ndugu yangu, nenda mwenyewe dukani, hata kama ni safari ndefu ya basi.

Kosa hilohilo lilizaa lingine. Breki za mbele za Corolla hazina hendibreki. Zikihamia nyuma, gari zima halina hendibreki. Na Kigoma ni vilima. Kwa miezi minane nilitembea na jiwe miguuni pa kiti cha abiria, nikisimama nashuka nalo naliweka chini ya tairi. Vijana wa kijiweni waliliona siku ya kwanza tu, na jina likapatikana kabla gari halijapata rangi.

Mfano wa mbao wa kukandikia faiba nilitengenezewa na fundi wa boti kule Kibirizi, mzee ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Alipanga mbavu za mbao kama za boti, akaziangalia kwa jicho moja, akasema, "Mwanangu, chombo chako kimelalia kushoto." Nikabisha, nina vipimo kwenye daftari! Kumbe futikamba yangu ilikatika ncha, kwa hiyo tulikuwa tunaanzia kwenye kumi. Upande wa kulia nilitoa ile kumi. Wa kushoto nilipima nikiwa na njaa.

Kuhusu rezini, hadena, yaani dawa ya kuigandisha, ni asilimia moja hadi mbili, na jua likiwa kali shuka kwenye moja. Changanya kidogo kidogo, kopo kwa kopo. Mimi nilichanganya nusu ndoo saa saba mchana. Nikageuka kuchukua brashi, nikasikia harufu. Ndoo ilikuwa inatoa moshi mweupe, plastiki imelegea kama ugali wa maji, na rezini ndani imepasuka ikawa kama mwamba wa rangi ya asali. Usimmwagie mtu lawama, joto lake linajizalisha lenyewe, na ikiwa nyingi pamoja halina pa kutokea. Na usipake mawese kwenye mfano badala ya nta. Faiba iliachia kweli bila kung'ang'ania mfano, ila mafuta yaliganda kwenye faiba na rangi ikawa inakimbia vidoti vidoti. Nilipiga msasa wiki tatu.

Kuchemsha kulinitesa kuliko vyote. Rejeta iko mbele, injini nyuma, maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya sakafu, na hewa inajificha humo. Mara ya kwanza kupanda kutoka stesheni lilichemka katikati ya mlima, mbele ya watu, na mmoja alinishauri nilirudishie bodi lake. Dawa ilikuwa rahisi: kibomba chenye koki kila mahali bomba linapopanda, unanyanyua pua ya gari, unajaza taratibu huku hewa inatoka. Mbona sikuuliza mapema? Kiburi. Vijana tunapenda kuonekana kabla ya kujua, ndiyo maana nyua zetu zimejaa magari yenye milango mizuri yasiyotembea. Badilikeni.

Tena, usikate ule ukuta kati ya injini na dashibodi, namba ya chasisi imegongwa pale. Ukiipoteza, kadi ya gari ni karatasi tu. Na alama ya Lamborghini, yule ng'ombe dume, usiibandike. Kadi yako inasema Toyota.

Kukimbia halikimbii, usijidanganye. Countach ilikuwa na silinda kumi na mbili, mimi nina nne, na Noah za abiria zinanipita huku zinapiga honi.

Njoo Jumamosi, uje na futikamba yenye mwanzo wake. Ukishuka Mwanga sokoni usiulizie Lamborghini, watakupoteza. Ulizia Gari la Jiwe.