Eksirei safi, lakini kiuno hakinipi raha

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, naishi Morogoro, nina miaka 34. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kuumwa kiuno. Nilipigwa eksirei, nikaambiwa hakuna kitu. Nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, karibu kila siku. Usiku silali, nalia ovyo, hata wateja nawaona kero. Mume wangu anasema najiendekeza. Je, ni akili yangu tu?*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Hujiendekezi, na akili yako ni nzima.

Eksirei huonyesha mifupa. Misuli iliyokaza haionekani pale, wala mishipa ya fahamu. Watu wengi wanaoumwa kiuno picha zao hutoka safi, na bado wanaumwa kwelikweli. Mweleze mumeo hivyo, tena kabla hujashika kiuno na kukunja uso, muwe mmekaa mmetulia. Mpe na kazi: ndoo za maji abebe yeye.

Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Mishipa ya fahamu huwa imeshazoea kutoa taarifa ya hatari, kiasi kwamba kuinama kuokota sindano tu kunatosha kuiamsha. Ubongo una njia ya kuyatuliza maumivu yanayopanda kutoka mgongoni, na kemikali zinazotumika, serotonini na noradrenalini, zina kazi pia katika hali ya moyo na usingizi. Usiku usiolala unakufanya uumwe zaidi kesho yake. Ukiumwa zaidi unakata tamaa, misuli inakaza, usingizi unaruka tena. Ndiyo maana kiuno na machozi vitibiwe pamoja.

Anzia kwenye cherehani. Mafundi wengi, siku kiuno kikitulia, hushona mfululizo mpaka usiku wamalize oda, kisha wanalala siku mbili hoi. Mchezo huo ndio unaoyalea maumivu. Kwa siku 3, angalia saa: unashona dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda? Tuseme ni 40. Basi kipimo chako ni 30, hata siku unayojisikia vizuri. Tega kengele ya simu. Ikilia, simama dakika 5, tembea, nyoosha mgongo. Kila wiki ongeza dakika 3. Na kiti je? Kigoda kifupi kinakupandisha magoti juu ya nyonga na kukupinda kiuno huku mguu unakanyaga pedali. Kipandishe kwa mto mgumu mpaka magoti yawe chini kidogo ya nyonga, na usogee karibu na meza usishone umeinama.

Tembea dakika 10 kila siku, ongeza 2 kila baada ya siku nne. Kiuno kikilalamika kidogo na kutulia kufikia kesho yake, hujajidhuru. Kisipotulia, rudi nyuma hatua moja. Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti. Vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, kwa dakika 5. Amka saa ileile hata kama hukulala vizuri.

Diklofenaki ya kila siku kwa miezi hiyo yote inanitia wasiwasi. Inachubua tumbo, inachosha figo na kupandisha presha. Rudi hospitali wapime presha na figo, na umwambie daktari habari ya machozi na usingizi, usiishie kwenye kiuno. Huzuni au kutotaka chochote kwa zaidi ya wiki 2 huenda ni sonona, nayo inatibika. Omba pia kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja mazoezi na tiba ya kisaikolojia. Mikanda ya kiunoni hauipendekezi, kwa hiyo hela yako iache mfukoni.

Ukipata homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, wahi upimwe, maana kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, mguu ukiishiwa nguvu, au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na likikujia wazo la kutotaka kuishi, usibaki peke yako: mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.