Mtoto anayeimba silabi bado hajasoma

Simamisha kwanza mpango huo wa kumkaririsha mwanao chati nzima ya silabi kabla hajaanza shule. Umeandika kwamba ana miaka 4 na anaimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kukosea, ukauliza kama umwongezee safu nyingine, umnunulie penseli gani, na umwachie programu za simu kwa muda gani. Hiyo ndiyo njia tuliyopitishwa na mwalimu wa masomo ya ziada, aliyemwimbisha binti yangu chati kila jioni kutoka juu hadi chini huku akituhakikishia kwamba anasoma.

Alichokuwa nacho binti yangu ni wimbo. Nilipoandika "bo" peke yake kwenye karatasi, alilazimika kuanzia "ba" akiteremka polepole mpaka aifikie, na silabi mbili zilipokaa pamoja alinyamaza kabisa. Kwa kuwa darasani walikuwa wakiitikia kwa pamoja, hakuna aliyegundua hadi alipofika darasa la pili, wenzake wakisoma aya nzima na yeye akikisia maneno kwa kutazama picha, akiwa ameshaamini kwamba hana akili. Hilo ndilo lililotugharimu kuliko ada yote, na hasira yangu kwa mwalimu yule haijaisha, maana tulipomuuliza alitujibu kwamba wazazi tuna haraka.

Kila silabi anayojifunza mtoto aitambue nje ya mpangilio wake, na siku hiyohiyo aiunganishe na nyingine apate neno analolifahamu. Akishazijua irabu 5, mpe konsonanti ambayo sauti yake inaweza kuvutwa, kama m, asikie "mmm" ikiingia katika "a". Jina la herufi litasubiri. Akiongeza l, tayari anaweza kusoma mama, lala, meli. Andika kila silabi kwenye kipande chake cha karatasi, uvichanganye, apange "lima", kisha avigeuze mwenyewe aone imekuwa "mali". Maneno hayohayo ndiyo ayaandike, kwa penseli yoyote inayomkaa mkononi. Mb, nd, ny na ng' zije baadaye, na kitabu kikiwa na picha, ifunike mpaka amalize kusoma neno.

Leo jioni mwandikie bu, ba na bo mbalimbali, bila kumwanzishia wimbo, kisha utuambie hapa amesoma ngapi.