Panda ya mwembe juu ya paa

SWALI: Mhariri, hapa kwetu Morogoro nina mwembe wa miaka kama 15. Kwenye usawa wa kifua umegawanyika vigogo viwili vyenye unene sawa, na kimoja kimeinamia paa la mabati. Kwenye panda gome limekunjwa likaingia ndani. Jirani ananiambia niukaze kwa waya, fundi anataka kujaza saruji. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate lolote. Waya ukizungushwa hula gome na kuunyonga mti. Saruji haiyumbi na mti, hivyo huachia nafasi, maji yanaingia, na uozo unaendelea usipouona.

Panda imara hushikwa na mbao iliyo kwapani, pale vigogo vinapoachana. Mbao hiyo ni nzito kuliko ya shina, mishipa yake ya maji ni michache, na nyuzi zimesokotana kama ukili. Duncan Slater na Roland Ennos, watafiti wa Uingereza, walipima panda za heizeli, mti wa Ulaya: mbao ya katikati ya kwapa, moja ya tano tu ya upana, ilibeba karibu theluthi ya nguvu yote. Kwa nje utaitambua kwa tuta la gome lililovimba na kukatiza kwapa.

Wako hauna tuta, una mkunjo. Gome haliungani na gome, kwa hiyo vigogo vimeshikana pembeni tu. Tena vinalingana: tawi lisilofika nusu ya unene wa shina huzungushiwa mbao ya shina kila mwaka hadi sehemu yake ya chini ikazama ndani ya shina kama kigingi, lakini vigogo pacha havimezani.

Tazama chini ya mkunjo, pande zote mbili. Ukiona ufa, weka alama ya rangi kwenye ncha zake, kisha uangalie tena baada ya upepo mkali. Ukirefuka, au ukifunguka na kufumba mti unapoyumba, kigogo cha upande wa paa kiondolewe na mtu mwenye kamba na uzoefu, kishushwe vipande vipande. Kama hakuna ufa, punguza uzito wa kigogo hicho baada ya mavuno, kidogo kidogo kwa misimu miwili au mitatu. Kila mkato uishie kwenye tawi la pembeni lenye angalau theluthi ya unene wa kile unachokata. Ukiacha kisiki kitupu, yatachipua matawi mengi yasiyoshika vizuri.

Na mche ukitoa vichwa viwili, kata kimoja kingali chembamba kama kidole.

SWALI: Kwa nini kuni ya panda haipasuki kwa shoka?

JIBU: Shoka hufuata nyuzi, na pale nyuzi zimesokotana. Ikate kwa msumeno chini na juu ya panda, upasue vipande vilivyonyooka. Gogo la panda lenyewe litumie kupasulia kuni nyingine.